Fungu la Mzazi

Nyasi za ufagio hapa Mutuka tunazikata zikiwa na mimba. Ndivyo tunavyosema. Suke likiwa bado limefichwa ndani ya jani lake, limevimba kidogo kama kidole ndani ya soksi, nyasi ina mimba na siku zake za kukatwa zimefika. Ukizikata wakati huo, ufagio unakuwa laini, unapinda bila kuvunjika, na unadumu miaka miwili. Ukichelewa suke likatoka, bua linakauka na kukatikakatika, na ufagio wake unaacha takataka nyingi kuliko zile ulizofagia. Kwa hiyo hatuchelewi. Mwisho wa Mei, mvua zikishaaga, sisi wanawake saba tunashuka mbugani na miundu yetu, na kwa siku nne kazi inakwisha.

Nimeanza na hayo ili kosa nililolifanya lieleweke, na ieleweke pia kwamba nililifanya kwa nia njema na kwa mikono iliyozoea.

Mjukuu wangu Evelyne, binti wa mwanangu Filbert, anafanya kazi Arusha katika ofisi inayotunza mimea iliyokaushwa. Siku ya kwanza aliponieleza niliuliza wanaikausha ili ipikwe na nini. Alicheka, lakini alinieleza taratibu, maana yule mtoto hana haraka na wazee. Alisema kila mmea wa nchi hii unatakiwa uwe na karatasi yake kabatini, umebandikwa mzima, na pembeni imeandikwa ulitoka wapi, nani aliuchuma, na unaitwa nani. Jina lenyewe lina sehemu mbili. La kwanza ni la ukoo, la pili ni la mmea wenyewe. Nikamwambia hapo nimeelewa, maana hata sisi ndivyo tulivyo.

Sasa katika kabati lao kulikuwa na karatasi moja ya zamani sana, ya nyasi iliyochumwa Babati kabla baba yake Evelyne hajazaliwa. Ilikuwa na majani na bua tu. Haikuwa na suke wala mizizi. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa penseli kwamba haijulikani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kusema zaidi, kwa sababu nyasi hutambuliwa kwa suke lake. Evelyne aliiona na kushtuka. Aliijua kwa kile kitako chake chekundu.

“Bibi,” alinipigia simu, “nyasi yako ya ufagio iko huku, na haina jina!”

“Sisi mbona tunalo jina lake?”

“La kwenu mnalo. La kitabuni haina. Masuke yake yanatoka lini?”

Nikamwambia Juni. Hilo lilikuwa kweli. Sikufikiri kumwambia kwamba ikifika Juni hakuna nyasi.

Bosi wake, Dokta Venance, alimpa siku saba. Alimwambia alete mmea mzima, mizizi hadi suke, vyote katika bua moja. Akiuleta, na ikawa ni kweli haijawahi kuandikwa, basi yeye Evelyne ndiye atakayeieleza kwa mara ya kwanza na kuipa jina. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Hakunieleza maana ya hayo mawili yakiwekwa pamoja, lakini bibi anajua kusikia kile ambacho hakijasemwa.

Alikuja. Siku mbili alizunguka mbugani akakuta visiki vyetu tu, vimekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Hakulalamika. Alinisifu hata kwa kukata vizuri. Siku ya tatu alikwenda kwa miguu njia ya Sigino, na kwenye kalavati moja, mahali ambapo mundu haufiki, akapata mashina matano yaliyotoa masuke. Alirudi kama saa tisa alasiri, amechomwa na jua, amebeba gunia bichi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

“Bibi, nimezipata!” Akanibusu kwenye paji la uso. “Magazeti yangu ya kukaushia yameisha kwa mimea mingine. Naenda mjini mara moja kuyatafuta. Niangalizie hizi, nikirudi tutazitengeneza.”

Akapanda bodaboda akaenda. Mimi nikabaki na gunia.

Nilimhurumia. Siku tatu juani, na chai yake ya asubuhi alikuwa hata hajaimaliza. Nikasema moyoni, akirudi akute kazi imekwisha, apumzike. Nikatoa nyasi zile nikaziosha. Nikachukua kisu nikakata mizizi yote kwa usawa mmoja, nikaitupa kwenye shimo la samadi. Masuke yalikuwa yametoka, na nyasi iliyotoa masuke ukiifanya ufagio lazima uipukute kwanza, la sivyo inamwaga vumbi ndani ya nyumba. Nikapukuta bua moja moja kwa vidole, pole pole, hadi zikawa safi. Kuku walikuja wakala yote. Kisha nikafunga kwa katani, mizunguko mitatu, nikausimamisha ukutani. Ulikuwa ufagio mdogo lakini mzuri. Nilijisikia vizuri kabisa.

Bajaji ilimshusha Evelyne kabla jua halijazama, ameshika magazeti ya zamani tita zima. Aliutazama ukuta. Akautazama uwanja. Akawatazama kuku.

“Bibi,” alisema kwa sauti ndogo, “mizizi iko wapi?”

“Nimeshakata, mama. Na masuke nimeyapukuta, hayatakusumbua.”

Aliweka magazeti chini, akaja akakaa karibu yangu kwenye ngazi, akachukua ule ufagio akauweka magotini.

“Asante, bibi,” akasema. “Umefanya kazi kubwa.”

Mtoto wa watu. Angeweza kupiga kelele. Angeweza hata kulia, na ningestahili. Lakini alisema asante, na mimi mjinga nikafurahi, hadi nilipomwona anainama na kuanza kuokota vipande vya masuke kati ya miguu ya kuku, kimoja kimoja, anaviweka kwenye kiganja. Ndipo nilipouliza nimefanya nini.

Alinieleza. “Hii sasa ni kama picha ya pasipoti isiyo na uso. Wataniambia, tunajuaje hili suke ni la bua hili? Wataniambia, labda umeokota.”

“Si kweli umeokota.”

“Sasa hivi ndiyo naokota, bibi.” Akacheka kidogo, na kicheko chenyewe kilinichoma.

Jioni ileile alikwenda tena kwenye kalavati kwa bodaboda. Hakukuwa na kitu. Mashina matano ndiyo yalikuwa yote, naye aliyang'oa yote ili apate karatasi za kutosha. Zilikuwa zimebaki siku tatu arudi Arusha, na suke la nyasi ile likishatoka halingoji mtu, linapukutika lenyewe kwa juma moja.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilijua mahali penye nyasi nyingine. Nilijua tangu siku aliyofika, na sikusema.

Sisi wakata fagio tuna kawaida yetu. Mmoja wetu akijifungua karibu na siku za kukata, tunamwachia fungu lake mbugani. Tunalipima kwa hatua, ishirini kwa tatu, mahali penye nyasi nzuri, na halikatwi na mtu wala haliliwi na ng'ombe hadi mzazi atoke ndani alifungue kwa mkono wake mwenyewe. Hata akichelewa, halikatwi. Hata likiharibika, halikatwi. Mlinzi wa mafungu ni mimi, kwa sababu ya umri. Mwaka huo mzazi alikuwa Edda, mke wa Emanuel, aliyekuwa amepata mtoto wake wa kwanza, Jesse. Alijifungua kwa upasuaji na hakuwa amepona vizuri. Kwa hiyo fungu lake lilikuwa bado limesimama upande wa juu wa mbuga, nyuma ya kichuguu kikubwa, ambako Evelyne hakufika kwa sababu nilimwambia mwenyewe huko kuna matope.

Ningesemaje? Kumwomba mzazi fungu lake ni sawa na kulichukua. Edda ana miaka ishirini na tatu. Mimi nina sabini na moja. Nikienda mlangoni kwake nikasema nahitaji, atasema chukua bibi, hata kama moyo wake hautaki. Hawezi kunikatalia. Na kitu ambacho mtu hawezi kukukatalia, hujakiomba.

Asubuhi alikuja Evangelina, Mama Gerson, jirani yangu, kuazima chekecheke. Yule mama ana mdomo, lakini tangu nianze kuumwa goti hajawahi kupita kwangu bila kuniletea ndoo ya maji, na hajawahi kusema kwamba ameileta. Anaiacha tu mlangoni. Akamkuta Evelyne anapanga mimea yake mingine, akaniuliza kulikoni mtoto ana uso wa msibani. Nikamweleza.

Alicheka hadi akakalia ndoo.

“Mama Filbert! Umenyoa nyasi za serikali!”

“Cheka tu.”

“Tena umezinyoa na kichwa! Na kuku ndio mashahidi!” Alijifuta machozi kwa kanga. Kisha akamtazama Evelyne na kicheko kikaisha. “Sasa mwanangu atafanyaje?”

“Hamna, bibi,” Evelyne akamjibu. “Nitaomba mwaka kesho, kama nitakuwepo.”

“Kwani fungu la Edda halipo?”

Nikainamisha macho kwenye mchele niliokuwa napeta. Evelyne aliniangalia. Alingoja tu.

“Lipo,” nikasema.

“Loo!” Evangelina akapiga makofi mara moja. “Leo mlinzi ametamani. Mimi nilichukua tita moja, tita moja tu, kwenye fungu la mwenzetu, mwaka ule mvua zimekatika. Ukanirudishisha matatu! Na kuomba radhi mbele za watu, bila kucheka!”

“Ulicheka.”

“Nilicheka mwishoni.”

“Ndiyo maana sikusema,” nikamwambia Evelyne. “Unisamehe. Nyasi ipo, lakini si yangu, na mimi siwezi kwenda kuiomba.” Nikamweleza kwa nini.

Evelyne alifikiri. “Basi tuiache, bibi. Kama ndivyo mlivyokubaliana, tuiache.”

Alisema hivyo akiwa na siku mbili na nusu zilizobaki. Nilimtazama, na nikaona kwamba kweli angeiacha. Hapo ndipo wazo lilinijia. Ni wazo dogo, lakini lilinipa nafuu.

“Nenda wewe,” nikasema. “Wewe ni rika lake. Hakuogopi, wala hakudai kitu. Wewe anaweza kukukatalia. Mwambie ukweli wote, na akisema hapana, usinune.”

“Nisinune hata njiani?”

“Njiani nuna kidogo.”

Tulikwenda watatu, lakini mimi na Evangelina tulisimama nje ya ua wa minyaa wa Emanuel, pasipoonekana. Nilikuwa nimebeba kichupa cha samli kwa ajili ya mzazi, nikakataa kumpa Evelyne aingie nacho, kisije kikawa hongo. Evangelina aliegemeza sikio kwenye minyaa hadi nikamvuta.

Tulimsikia Evelyne akibisha hodi, akisalimiana, akimsifia mtoto. Kisha akasema shida yake yote, kuanzia karatasi ya zamani ya Arusha hadi kuku wangu. Edda alianza kucheka halafu akalalama.

“Usinichekeshe, mshono unauma! Bibi alizipukuta?”

“Moja moja.”

“Jamani, Mama Filbert. Ni yeye amekutuma?”

“Hapana. Alikataa kabisa kuja kukuomba. Kasema wewe unaweza kunikatalia mimi, na ukinikatalia nisinune.”

Mtoto alilia kidogo akanyamazishwa. Evangelina aliushika mkono wangu. Nilijua kwamba Edda akisema hapana nitakubali, na nilijua pia kwamba nitaumia.

“Nikwambie kitu,” Edda akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mimi lile fungu limeninyima raha. Kila siku namwambia Emanuel anishushe na pikipiki nikakate hata shina moja, anasema daktari amekataa kuinama. Nimehesabu siku. Najua zimeshatoa masuke, haziwi ufagio tena. Wenzangu waliniachia pazuri kabisa, na mimi nimeacha pakaharibika. Nikasema watakuwa wananiona mvivu. Au najidai. Hakuna aliyekuja kuniuliza.”

“Hawakuuliza ili usijisikie unaharakishwa,” Evelyne akamwambia. Mtoto wa watu, hata sisi hatukumfundisha kusema hivyo, na ndivyo ilivyokuwa.

“Sasa wewe unataka kitu ambacho mimi nilidhani kimeshaharibika?”

“Kwangu ndiyo kwanza kimeiva.”

Edda akacheka tena, akalalama tena. “Chukua. Lakini la kwanza nashika mimi. Fungu halifunguliwi bila mwenyewe.” Kisha akainua sauti: “Na ninyi mlio kwenye minyaa, ingieni! Kanga ya Mama Gerson inaonekana tangu zamani.”

Tukaingia. Edda alisimama akanisalimia, shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, Mama Jesse. Nikampa samli yake. Nikamwomba radhi kwa kutokuja kumwona mara nyingi zaidi, akaniambia goti langu linajulikana mtaa mzima.

Emanuel alimshusha na pikipiki pole pole hadi mwisho wa njia, na kutoka hapo tulitembea kwa mwendo wake. Mimi nilimbeba Jesse. Ilikuwa mara ya kwanza Edda kutoka tangu hospitali, na kila aliyempita alisimama kumpa pole na hongera, kwa hiyo tulichukua karibu saa nzima kwa njia ya dakika kumi na tano. Evelyne hakuonyesha haraka hata mara moja, ingawa niliona anavyokazia jicho jua.

Tulipozunguka kichuguu tukasimama.

Sijui nieleze vipi. Nimekata nyasi ile miaka hamsini. Najua ukali wa jani lake, najua harufu yake mkononi, najua inavyolia chini ya mundu. Lakini sikuwahi kuiona imesimama hivi, imefunguka fungu zima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi, maana tunaikata kabla, na hata mafungu ya nyuma wazazi wake waliyawahi. Hatua ishirini kwa tatu zilikuwa zimefunikwa na kitu kama moshi mwepesi, wa rangi ya zambarau iliyopauka, umekaa juu ya nyasi bila kugusa chini. Kila suke lilikuwa limejigawa vijiti vyembamba kuliko nywele, na kila kijiti kina chembe yake mwishoni. Upepo ulipopita, ule moshi wote uliinama upande mmoja, ukasimama tena.

Evangelina hakusema neno. Niliandika moyoni siku na saa.

“Ndiyo hii?” Edda akauliza. “Ndiyo tunayofagilia?”

“Ndiyo hii,” Evelyne akasema, na sasa ndiye aliyekuwa anafuta macho.

Edda alichukua mundu wangu. Evelyne akapiga ukelele: “Mama Jesse, usikate! Tunang'oa na mizizi!” Sote tukacheka, maana kumbe ugonjwa wangu ni wetu sote. Kwa hiyo Edda alikaa chini, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, Evelyne akachimba pembeni kwa jembe dogo, na shina likatoka zima na udongo wake mweusi, kitako chekundu, suke juu. Edda alilitikisa taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto. Evangelina alichimba mengine. Mimi nilikatazwa kugusa.

“Bibi ashike mtoto,” Evangelina akasema. “Mtoto hana masuke.”

Walichukua mashina kumi na mawili tu. Evelyne alisema yanatosha, yaliyobaki yamwage mbegu.

Tulirudi kwa Edda, Evelyne akatandika magazeti kwenye jamvi. Nilipenda kumwangalia akifanya kazi. Nyasi ilikuwa ndefu kuliko karatasi, kwa hiyo aliikunja mara mbili bila kuivunja, akalaza kila jani lionekane, mengine kwa uso, mengine kwa mgongo. Mizizi aliisafisha kwa brashi ya meno. Kisha gazeti juu, boksi la karatasi ngumu juu yake, gazeti tena, hadi likawa tita, akalibana kati ya mbao mbili kwa mikanda. Alisema atabadilisha magazeti kila siku hadi zikauke, na hiyo ya Edda, ile ya kwanza, akiiona ndiyo bora, ndiyo itakayobeba jina. Mtu yeyote duniani, hata miaka mia ijayo, akitaka kujua kama nyasi aliyoishika ni hii, itabidi ailinganishe na hiyo.

Kisha akatoa daftari. Mahali: Mutuka. Udongo: mweusi, wa mbuga. Matumizi: fagio. Jina la wenyeji, tukamtajia kwa lugha yetu, akaandika.

“Aliyechuma. Naandika mimi, na wewe, Mama Jesse. Jina lako.”

“Si ndilo hilo, Mama Jesse.”

“Lako mwenyewe.”

“Edda,” akasema, kama mtu aliyelisahau kidogo.

“Na hilo jina la kitabuni litakuwa nani?” Evangelina akauliza. “Kama bado hamjapata, mimi naitwa Evangelina.”

“Nyasi ndefu namna hii wewe umefanana nayo wapi?” nikamwambia.

Evelyne alisema anaruhusiwa kuiita kwa sura yake, au kwa mahali, au kwa mtu, ila yeye mwenyewe hajiiti. Akanitazama mimi. Nilijua anachotaka kusema nikamwahi.

“Usinitie mimi humo. Nilikata mizizi.”

“Lakini bibi, niliijua kwa sababu ya fagio zako.”

“Na fagio zangu ndizo zilizokuzuia usiione inavyofunguka. Wala si mundu wangu tu, ni wetu sote. Kama unataka kuishukuru nyasi, tazama kwa nini imesimama mwaka huu. Imesimama kwa sababu kulikuwa na mzazi.”

Aliandika kitu pembeni ya daftari, akalifunga. Kesho yake mchana tulimsindikiza stendi ya Babati. Alikataa kuweka zile mbao chini ya basi, akazipakata mwenyewe njia nzima hadi Arusha.

Baadaye nilijifunza kwamba kupata jina si jambo la siku moja. Dokta Venance aliipima nyasi ile kwa darubini. Picha zilipelekwa kwa wataalamu wawili wa nje wanaowajua ndugu zake wote, mmoja akauliza maswali, Evelyne akayajibu, akauliza tena. Desemba ilipofika kazi ilikuwa haijaisha, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua nyasi ile, mkataba wake ukaongezwa miaka miwili. Alinipigia simu kunieleza akiwa analia na kula muhogo, vyote kwa pamoja.

Jina lenyewe lilitoka mwisho wa Mei iliyofuata. Tulikuwa mbugani, siku ya pili ya kukata, wote saba, na Edda akiwa na Jesse ambaye alishaanza kutambaa na kula udongo. Simu yangu ililia. Evangelina akaiweka sauti kubwa.

“Bibi, limetoka! Sasa hivi!”

“Tuambie.”

“Jina la ukoo ni Eragrostis. Hao ni wengi, wako dunia nzima. La kwake ni puerperae.”

“Rudia.”

Akarudia. Dokta Venance ndiye aliyelitafuta kwa Kilatini, kwa padri mmoja anayemfahamu. Maana yake ni ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Ya mzazi.

Edda aliacha mundu, akamnyanyua Jesse na kumpangusa mdomo.

“Kwa hiyo ni mimi?” akauliza.

“Ni wewe,” Evelyne akasema. “Na yeyote aliyewahi kuachiwa fungu.”

“Basi na mimi,” Evangelina akasema haraka. “Mwaka wa Gerson niliachiwa. Pale chini, karibu na mfereji.”

Mwingine akasema na yeye, mwaka wa pacha. Mwingine akasema mara mbili. Tulihesabiana, na ikaonekana kati yetu saba hakuna hata mmoja ambaye jina lile halikumhusu. Mimi niliachiwa mwaka wa Filbert, na wanawake walioniachia sasa wote wamelala makaburini. Niliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na Evelyne alingoja kwenye simu hadi nikamaliza. Kisha akasema ana kazi, tukaagana.

Jua lilikuwa limepanda, na nyasi zilikuwa na mimba. Edda alimfunga mtoto mgongoni, tukainama tena.